Kifungo cha Mama Vifungo

Mama mkwe wangu aliuza vifungo. Aliuza na zipu, nyuzi, sindano, lastiki na bitana, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake, ambalo alisema lingemfaa zaidi mtu mnene. Duka lake lilikuwa jembamba kama ukumbi wa kupitia. Ukuta mmoja wote ulikuwa droo ndogo ndogo za mbao, na mbele ya kila droo alikuwa ameshikiza kwa uzi kifungo kimoja cha mfano. Ukitaka kujua kilichomo unatazama. Ukitaka kukinunua unamwambia, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Maana hakuwa mtu wa kukuuzia tu. Unafika na shati lako, unaonyesha kifungo ulichokipenda, naye anakitazama, anakutazama wewe, anakitazama tena.

"Hiki kwenye shati hili? Utafanana na mlango wa friji."

"Lakini mama, ndicho ninachokitaka."

"Najua. Ndiyo maana nakukatalia."

Watu walitoka wamenuna, wakaenda maduka mengine, kisha wengi wao wakarudi. Ambao hawakurudi aliwakumbuka kwa nguo zao. "Yule wa koti la kahawia," angesema akiwa katikati ya kula, "sijui anaishije."

Watu wake wa karibu ndio hawa. Mume wangu ni mtoto wake wa kwanza. Ni mwalimu wa udereva, na kama umewahi kuolewa na mwalimu wa udereva huhitaji maelezo. Kama hujawahi, jua tu kwamba hata ninapogeuka na sufuria ya moto mkononi, huniambia nitazame kwanza vioo. Wifi yangu anafanya kazi maabara ya hospitali, anapima damu za watu, na hana utani na namba. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama mkwe, hana kazi maalumu isipokuwa kuhuzunika, na hiyo anaijua vizuri. Na mzee, baba mkwe wangu, alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi mpaka alipostaafu. Ni mtu wa maneno machache mno. Katika ndoa yao mama aliongea kwa niaba ya wote wawili, na mzee hakuwahi kulalamika kwamba amenukuliwa vibaya.

Kwa muda mrefu mama alikuwa amevimba miguu, akasema ni viatu. Akilala chali anakohoa, akasema ni mto. Asubuhi moja, akiwa juu ya kigoda anamtafutia mteja kifungo cha koti, pumzi zilimkata, na safari hiyo hakupata cha kusingizia. Aliteremka polepole, akaketi sakafuni, akamwambia mteja, "Hicho ulichoshika usikichukue, hakikufai," kisha akazimia.

Hospitali walitueleza kwamba moyo umetanuka na umechoka. Hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji yanabaki miguuni na kwenye mapafu. Dawa za kuusaidia zipo, lakini kupona kabisa, hapana. "Mtaishi nao," alisema daktari wa wodini, "kama mnavyoishi na mtu aliyechoka ndani ya nyumba. Hampigi kelele, hammbebeshi mizigo."

Tulimsikia vizuri sana, ila tulichanganya kitu kimoja. Yeye alikuwa anauzungumzia moyo, sisi tukadhani anamzungumzia mama.

Mume wangu ndiye aliyeshika usukani. Kwa kuwa nyumba ya wazee iko ghorofani na ngazi zake zimesimama kama za kupandia darini, alimhamishia mama kwetu, kwenye chumba cha nyuma tulichokuwa tunawekea pasi na masanduku. Kitanda kikawekwa mbali na dirisha ili upepo usimpige. Simu yake ikachukuliwa ili wateja wasimsumbue. Wageni waliruhusiwa, isipokuwa wanaoongea. Duka lilifungwa, na mume wangu akalitia kufuli mpya, kana kwamba kuna mtu angevunja aibe vishikizo.

Wifi alikuja asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, na mashine yake ya presha na mizani. "Mama, umepata nafuu?" angeuliza, na kabla mama hajafungua mdomo, macho ya wifi yalikuwa yameshahamia kwenye mashine kusubiri jibu. Mama mdogo aliingia kwa vidole vya miguu, akanong'ona, akamshika dada yake mkono kama mtu anayemuaga msafiri. Alipiga marufuku habari mbaya zote. Tukazichuja habari, tukachuja tena, mpaka ikabaki hali ya hewa.

"Mvua imenyesha," angenong'ona mama mdogo.

"Vibaya?" mama angeuliza kwa matumaini.

"Hapana dada. Vizuri tu."

Na mzee? Mzee alitembea kwa miguu kutoka kwake kila asubuhi, kofia kichwani, akafika akaivua, akaketi kwenye kiti karibu na mlango akiwa ameishika mapajani, na jioni akaivaa akarudi. Tulimpa chai. Hakuna aliyemuuliza kitu, kwa sababu aliyekuwa akijibu maswali yake alikuwa kitandani na amekatazwa kujichosha.

"Mkwe," mama aliniambia siku moja nikimbadilishia shuka, "maisha yangu yote nimewauzia watu vifungo. Leo na mimi nimepewa changu. Tena bila rufaa."

Nilicheka. Wakati huo bado alikuwa anatania, na miguu yake ilikuwa imeanza kunywea, na wifi alikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. "Mama anaendelea vizuri sana," alimwambia mama mwenyewe, akimwonyesha namba kwenye kioo cha mashine, na mama akazitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

Lakini jinsi namba zilivyozidi kupendeza ndivyo yeye alivyozidi kugeukia ukutani. Sahani zilirudi jikoni karibu kama zilivyokwenda. Akaacha kuuliza habari. Akaacha kumsahihisha mama mdogo, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu mama mdogo azaliwe. Nikaingiwa na wasiwasi, nikafanya jaribio langu mwenyewe. Nilichukua blauzi yangu ya samawati, nikakata kifungo cha katikati, nikashona mahali pake kifungo kikubwa cheusi cha koti la mvua. Ilikuwa inatia aibu. Nikaivaa, nikaingia chumbani, nikafungua pazia, nikazunguka mara kadhaa bila sababu kama mwanamitindo aliyepotea njia.

Mama alinitazama. Macho yake yalifika kwenye kile kifungo, yakakaa hapo kidogo.

"Umependeza," akasema, akageukia ukuta.

Nilikwenda jikoni nikalia.

Jioni nilimweleza mume wangu. "Kakusifia, na wewe unalia?" aliuliza. Nikamwonyesha kifungo. Akakitazama kwa makini, akasema kwake yeye kinaonekana sawa tu. Nikaona hapa sina msaada.

Haukupita muda mrefu, namba nazo zikaharibika. Uzito ukaanza kupanda, vifundo vya miguu vikafutika tena. Wifi akaamua ni chumvi, na aliyekuwa anapika ni mimi. Akawa akifika hata hajavua mkoba, anafunua sufuria moja baada ya nyingine, anaonja kwa kijiko, anafumba macho. Mume wangu akasimama nyuma yake akisubiri majibu ya maabara. Chakula changu kilikuwa hakina chumvi kabisa, kila mtu aliyekuwa anakula humo ndani alikuwa anajua hilo na kulivumilia kwa upendo. Lakini kijiko kiliendelea kuzunguka.

Ndipo nikafua gauni la mama la kulalia. Nilipokuwa nalikamua niliona maji meupe yanatoka mfukoni. Nikaingiza vidole, nikatoa vidonge vidogo vyeupe, vingine vimelainika, vingine bado vizima. Nikavipeleka chumbani kwenye kiganja changu.

"Mama, hivi ni nini?"

Akavitazama bila haraka. "Vifungo."

"Vifungo vya nini?"

"Vya shati la mtoto."

"Mama, vinayeyuka."

"Ndiyo maana siku hizi havinunuliwi."

Nilikaa kitandani nikacheka mpaka nikamwagia shuka maji ya vidonge. Naye akacheka, kisha akakohoa. Nikamuuliza kwa nini.

Vilikuwa vile vidonge vya kutoa maji mwilini. Ukimeza kimoja asubuhi, asubuhi yote kazi yako ni kwenda chooni na kurudi. Hilo angelivumilia. Alichoshindwa kukivumilia ni msafara. Mume wangu alikuwa ameagiza kwamba mama asiende popote peke yake, kwa hiyo kila alipoinuka, mmoja alitangulia kufungua mlango, mwingine akafuata nyuma akimshika kiwiko, na mlango wa chooni haukufungwa kwa komeo, ulirudishiwa tu, na mama mdogo alisimama nje yake akiuliza kila baada ya muda mfupi, "Dada, upo?"

"Mtu mzima nakojoa, nasikilizwa na kamati," mama alisema. Hapo hakuwa anatania. Aligeuza uso ukutani. "Mimi nilimzaa huyo mumeo. Nilimfundisha kwenda chooni."

Nilimwambia siwezi kunyamaza, maana miguu ilikuwa inavimba na wifi alikuwa amekwisha kufika kwenye sufuria ya maji ya kuoga. Lakini sitamsemea. Siku ya kliniki iko karibu, atasema mwenyewe, na mpaka siku hiyo atameza, na nitahakikisha mlango unafungwa kwa komeo. Alifikiri kidogo.

"Mkwe, wewe ungefaa kuwa polisi," akasema, akanyoosha mkono apewe kidonge.

Kliniki tulikwenda wote. Mume wangu aliendesha kwa mwendo ambao waendao kwa miguu walitupita wakitusalimia. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, viti havikutosha, mzee akabaki amesimama mlangoni na kofia yake. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa na mafua makali, ana karatasi za kupengea mezani na sauti imekauka, na nadhani ni mafua hayo yaliyomfanya asitake maneno mengi.

"Mgonjwa anaendeleaje?" akauliza.

Tukajibu. Mume wangu alisema anazingatia utaratibu, isipokuwa chakula. Wifi alitaja presha, uzito na mapigo ya moyo, bila kuvuta pumzi. Mama mdogo alisema anapata utulivu, hakuna linalomuudhi, tumeondoa kila kinachoweza kumuudhi. Hata mimi nilisema neno. Daktari alitusikiliza mpaka tukaisha, akapenga kamasi, akatukagua mmoja mmoja.

"Nimewasikia. Na mgonjwa ni nani kati yenu?"

Akasogeza kiti chake mpaka magoti yake yakakaribiana na ya mama.

"Mama, tuache moyo kidogo. Zamani, kabla hujaugua, ikifika jioni ukajisemea, leo nimekuwa na siku nzuri, ulikuwa umefanya nini siku hiyo?"

Mama mdogo alijibu, "Alikuwa amepumz—" na daktari akainua kidole bila kumtazama.

Mama alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu mpaka mume wangu akaanza kutingisha mguu.

"Nimemkatalia mtu," akasema.

"Kumkatalia nini?"

"Kifungo. Mtu amekuja na akili yake imeganda, nimemwambia hapana, amekasirika, amekivaa changu, amejiona kwenye kioo. Halafu hataki kuniambia asante." Akatabasamu peke yake. "Hiyo ndiyo siku nzuri. Sasa hivi nakubali kila kitu. Nakubali uji, nakubali shuka, nakubali mvua imenyesha vizuri. Daktari, nimekubali mpaka nimekuwa mgonjwa."

Kisha akanitazama, akakumbuka ahadi, akaeleza habari za vidonge. Akaeleza na sababu yake. Mume wangu alikodolea macho sakafu. Wifi alishika mdomo.

"Mama, mbona hukuniambia? Kila siku nakuuliza."

"Unauliza mashine, mwanangu."

Wifi akaanza kulia, pale pale, na mashine yake ikiwa kwenye mkoba mapajani. "Naogopa," alisema. "Nisipopima naogopa." Daktari akamsogezea zile karatasi za kupengea. Akamwambia namba zake zilikuwa za kweli na zinahitajika, aendelee kumpima uzito kila asubuhi, maana ndizo zitakazotuambia maji yakirudi. Ila zinaeleza habari za maji. Mengine hazikuulizwa.

Halafu wakaanza kupatana, daktari na mama, kama watu wawili sokoni. Kidonge cha maji kinaweza kusubiri mpaka baada ya chakula cha mchana siku atakazokwenda dukani, ila kisivuke jioni asije akakesha chooni. Dukani ataketi, hatapanda kigoda. Pumzi zikibana anarudi nyumbani, uzito ukipanda anarudi hospitali, na bila kusingizia viatu.

"Na chumvi," daktari alisema, "hapo sikubaliani na wewe hata kidogo."

"Mimi nimeomba chumvi?" mama akajibu. "Chakula cha mkwe wangu nimeshakizoea."

Mume wangu aliinua kichwa. "Na akianguka huko dukani?"

"Anaweza kuanguka," daktari alisema. "Hata chumbani kwenu anaweza kuanguka. Hilo siwezi kuwaondolea, ningependa sana lakini siwezi." Akageuka mlangoni. "Na wewe, baba? Hujasema kitu."

Wote tuligeuka. Nadhani baadhi yetu tulikuwa tumesahau kwamba yupo. Mzee alizungusha kofia mikononi.

"Mimi nalala vibaya," akasema.

"Kwa nini?"

"Kitanda kina upande mmoja."

Mama alimtazama mumewe kana kwamba amemwona akiingia saa hiyo hiyo. "Mbona hukusema?"

"Hukuwepo kunisemea."

Wiki hiyo hiyo alirudi kwake. Ngazi alizipanda kwa vituo, kiti kimewekwa kwenye kila kona, na mume wangu akirudi kinyumenyume mbele yake akisema, "Pole pole, gia ya kwanza, usitazame chini." Mama alimwambia akiendelea hivyo ataomba mwalimu mwingine. Duka likafunguliwa asubuhi tu. Tulimwekea kiti chenye mto katikati, mimi nikawa miguu yake, nafungua droo anayoielekeza na nakosea anayoitaka. Mteja wa kwanza alikuwa fundi wa nguo za harusi aliyetaka vifungo vya lulu kwa gauni la mama wa bibi harusi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi, kidogo tu, kwa sababu hakuwa nazo nyingi, akasema, "Hapana."

Ungemwona uso wake. Ungedhani yeye ndiye anayeolewa.

Sitasema mambo yalinyooka moja kwa moja. Kuna siku alinituma nje kununua maji, nikarudi nikamkuta juu ya kigoda, ameshika rafu, amegeuka rangi ya majivu. Akalazwa tena. Mume wangu alitembea huku na huko nje ya wodi akisema, "Niliwaambia," mpaka nikamwambia na mimi namwambia, aketi. Safari hiyo madaktari walileta jambo jipya. Kulikuwa na upasuaji katika hospitali kubwa ya mbali, wa kumwekea kifaa cha kuusaidia moyo. Ungeweza kumwongezea muda. Ungeweza pia kutomwongezea, na angekaa huko wiki nyingi.

"Nikirudi nitapanda kigoda?" mama akauliza.

"Labda hapana."

"Huko mbali mzee atalala wapi?"

Daktari mmoja akafunua karatasi zake. Akasema basi, hataki, na anashukuru.

Wifi ndiye aliyeumia kuliko wote. Alikuwa amesoma habari za kifaa hicho, anajua watu kilichowasaidia. Nilikuwa nakunja nguo pembeni ya kitanda alipomwambia mama, "Mimi nataka uwepo." Alisema kama mtoto anavyosema.

"Nipo. Keti hapa uniambie huko maabara nani anakuudhi."

Wifi hakutaka, kisha akataka. Kumbe kulikuwa na mtu anamuudhi kweli, mkuu wake wa zamu, na mama alitaka kujua kila kitu pamoja na nguo anazovaa. Jioni hiyo nilisikia wifi akicheka wodini, na hakupima kitu mpaka muuguzi alipokuja kumkumbusha.

Aliendelea na duka lake kwa msimu mzima na zaidi, asubuhi alizoweza, na zile asizoweza akibaki kitandani. Halafu zile asizoweza zikawa nyingi. Hapo mume wangu, ambaye sasa alikuwa amehitimu na anajua kabisa mama anachohitaji, alitumia siku nzima kubandua rafu za dukani na kuzipandisha ghorofani, droo kwa droo, akazipanga ukutani mwa chumba cha wazee. Alikuwa analoa jasho na anajivunia.

"Hivi vya nini?" mama akauliza.

"Duka lako, mama. Tumekuletea."

"Nani kakwambia bado nalitaka?"

Maskini mume wangu. Alidhani ukishamuuliza mtu mara moja umemaliza. Mama alimwita aketi, akamfuta jasho kwa ncha ya shuka, akamwambia duka amelishiba, sasa anachoka hata kumkatalia mtu. Anataka dirisha lifunguliwe, asikie watu wakigombana huko chini. Anataka mzee aongee. Na anataka habari mbaya.

"Habari mbaya gani?"

"Zote. Nimenyimwa muda mrefu."

Hapo ndipo mama mdogo alipopata wito wake. Kwa nini hatukumtumia hivyo tangu mwanzo, sijui, maana hakuna mtu anayebeba habari mbaya kama yeye. Alikuja kila mchana, hanong'oni tena, na akianza kueleza nani kaachika, nani kafukuzwa kazi, nani kaunguza nguo ya mteja kwa pasi, chumba kizima kilichangamka. Mama alimkatiza, akamsahihisha, akasema yule bwana alikuwa na dalili za kuachika tangu alipoanza kuvaa viatu vyeupe. Mama mdogo alinuna. Walifurahi sana wote wawili.

Mzee kuongea kulimpa taabu. Alianza na rangi, kwa sababu ndizo alizozijua. Alimweleza mkewe nyumba alizozipaka, moja moja: ile ya kona iliyotaka kupakwa mara nyingi kwa sababu ukuta ulinyonya rangi, ile ya mjane aliyebadili mawazo katikati, nusu ikabaki ya kijani. Mama hakuwahi kuzisikia. "Kumbe ulikuwa unafanya mambo," alimwambia. Kuna alasiri niliwakuta mzee anaongea na mama amefumba macho, nikadhani amelala, nikaanza kutoka. "Usimkatize," mama akasema, macho bado yamefumbwa. "Tuko kwenye dari."

Alifariki mchana mmoja, dirisha likiwa wazi, mzee akiwa amesinzia kando yake upande wake wa kitanda. Mzee anasema hakusikia kitu. Mimi ninavyomfahamu mama, alisubiri asinzie kwanza ili asipingwe.

Baada ya mazishi tulikusanyika kwa mzee, na kila mmoja wetu alikuwa na mpango. Mume wangu alikuwa ameshasafisha kile chumba cha nyuma. Wifi alitaka kumpima. Mama mdogo alikuwa amekwisha kuanza kunong'ona. Majirani nao walikuwa wanaleta vyakula, sahani zimejaa meza mpaka zimewekwa juu ya redio.

Ni wifi aliyetunyamazisha. Alikwenda akachuchumaa mbele ya baba yake, akamwuliza, "Baba, wewe mwenyewe unataka tukufanyie nini?"

Mzee alizungusha macho mezani. Ilimchukua muda, maana jibu hilo lilibidi alitunge mwenyewe.

"Mnipunguzie chakula," akasema. "Nimeshiba tangu juzi. Na kesho mmoja wenu aje tupake huu ukuta, hizi droo zimeuchubua."

"Rangi gani?" mume wangu akauliza.

Mzee akasema bado anafikiri, asiharakishwe. Tukafunika sahani, tukagawana za kubeba, tukateremka ngazi na mizigo yetu ya vyakula, na asubuhi mume wangu akaenda na brashi.